Maswali ya Wasomaji: Madaftari ya Baba Niyafanyeje?

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu alifariki miezi minne iliyopita. Alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili kwa miaka 31, na ndugu zangu wamenikabidhi kazi ya kuandika kumbukumbu yake, kijitabu kitakachobaki na wajukuu. Nimekwama. Siku ya mazishi walikuja watu wengi tusiowajua. Mzee mmoja alinishika mkono akasema, "Baba yako alikaa nami sakafuni usiku kucha." Badala ya kufarijika niliumia, maana kwetu sisi, alipokuwa akirudi kutoka kazini, alikuwa anakaa kwenye ngazi ya mlango na viatu miguuni, kimya, robo saa nzima. Tulidhani amekasirika. Nimekuta pia madaftari yake saba, yamejaa herufi za mwanzo za majina na maneno mafupi kuhusu wagonjwa. Je, nitumie visa hivyo? Na mama bado anazungumza naye usiku. Nimtafutie daktari?
Binti wa Kwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa kuwa nami nilifanya kazi hiyo miaka 26 kabla ya kustaafu. Ngazi hiyo naijua.

Zamu ya wodi ya akili huanza kwa kuhesabu: wagonjwa, funguo, nyembe, vijiko. Kama kuna aliyejaribu kujiua, muuguzi mmoja anakaa naye karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, hata msalani anamfuata. Husinzii, hujisomei gazeti. Yuko mwingine anayesikia sauti zinamtukana, hubishani naye wala humkubalii, unamwambia, "Mimi sizisikii, ila naona zinakutisha." Saa zote hizo uso wako lazima utulie, kwa sababu wao wanausoma uso wako ili wajue kama kuna hatari. Zamu inaisha, lakini uso ule hauishi nayo. Unatoka nao getini, unapanda nao gari, unafika nao nyumbani.

Mimi nilikuwa nikizunguka nyumba mara mbili kabla ya kuingia. Mwanangu wa kiume, akiwa na miaka kama saba, aliwahi kuniuliza kwa nini kila jioni naipima nyumba. Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa umri ule, nikamwambia nakagua madirisha. Kumbe nilikuwa nasubiri uso wangu unirudie ndipo niwaonyeshe wanangu. Najuta kwamba sikumwambia hivyo mapema. Aliishi miaka mingi akidhani amenikosea, kama mlivyodhani ninyi.

Baba yako sikumfahamu, siwezi kumsemea. Lakini muulize mama yako: robo saa ikiisha, akivua viatu, alikuwa akimwita nani kwanza? Alikuwa akifanya nini? Naamini kutolijua jibu la swali hilo ndiko kunakokukwamisha, na kijitabu chenu kianzie hapo.

Na yule mzee. Mtu akishikwa na hofu akajikunyata sakafuni, ukimsimamia kwa juu unakuwa tishio jingine. Kwa hiyo unashuka. Unakaa pembeni yake, si mbele yake, na njia ya mlangoni unaiacha wazi ili asijione amefungiwa. Kisha unangoja, na usiku wa namna hiyo ni mrefu, magoti yanakufa ganzi. Mzee yule kwa sentensi moja amekueleza kwamba baba yako alikuwa muuguzi hodari. Mtafute. Mwambie unaandika nini na nani watasoma, kisha umwulize kama ungeweza kuiweka sentensi hiyo, kwa jina lake au bila jina. Akikubali, msomee ulichoandika kabla hakijachapwa. Akikataa, iache ibaki moyoni mwako.

Madaftari ni jambo jingine, na hapa sitazunguka: usiyatumie, na usiendelee kuyasoma. Siri iliyosemwa wodini ni mali ya mgonjwa. Baba yako alikuwa mtunzaji tu, na kufa kwake hakukurithishi wewe siri hiyo. Azimio la Geneva, kiapo ambacho Chama cha Madaktari Duniani kilikipitisha mwaka 1948, linamtaka daktari atunze siri alizoaminiwa, na tangu 1968 likaongezwa kwamba azitunze hata mgonjwa akishafariki. Sisi wauguzi tunafungwa na wajibu uleule. Wapo watakaokushauri ubadilishe majina tu. Sikubaliani nao. Chukua mfano wa fundi aliyeacha kazi kwa sababu alimsikia marehemu kaka yake akimwita: hata umpe jina gani, binti yake atamtambua katika mstari wa pili. Na maradhi haya bado watu wanayaonea aibu. Wengine hawajawaambia hata wake zao kwamba waliwahi kulazwa.

Wasiliana na mkuu wa wauguzi pale alipokuwa akifanya kazi, umwulize utaratibu wao wa karatasi za aina hiyo, kama ni kuzirudisha au kuziteketeza. Lakini kwamba yalikuwa saba, kwamba hakuandika jina zima la mtu hata mara moja, na mwandiko wake ulivyokuwa, hayo ni yenu. Yaandike.

Kuhusu mama, tulia kwanza. Mwaka 1971 daktari W. Dewi Rees wa Wales alichapisha matokeo ya kuwahoji wajane na wagane 293, na karibu nusu yao walisema wamewahi kuhisi uwepo wa marehemu, kumwona, kumsikia au kuzungumza naye. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari 2022, hauhesabu majonzi kuwa ugonjwa kabla ya miezi sita kupita, na hata baada ya hapo huangalia kama yamemzuia mtu kuendesha maisha yake. Basi mwangalie: anakula? Analala? Anaoga, anatoka nje, anacheka na wajukuu? Ukimsikia akisema anataka kumfuata baba yenu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usimwache peke yake. Lakini ikiwa anamsimulia tu habari za mchana, kaa kando yake usikilize. Huenda ukasikia usiyoyajua.

Ukimpata aliyeitwa kwanza pale mlangoni, niandikie tena. Natamani kujua.