Nimeitwa chuo kikuu kusoma falsafa na dini za ulimwengu: je, yafaa?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni msichana wa hapa Malindi, mtaa wa Shela. Nimeitwa chuo kikuu Nairobi kusoma falsafa na dini: Uhindu, Ubudha, Uyahudi, Ukristo, dini za jadi za Kiafrika na Uislamu wenyewe. Babu yangu, aliyenisomesha Qur'ani, amekataa katakata. Asema falsafa huwatoa watu katika dini, na kwamba Sayyidna Umar alikemewa na Mtume (s.a.w.) kwa kushika kurasa za Taurati tu. Nikienda nitakuwa nimekosa? Na mtihani ukinitaka nieleze Utatu, au imani ya kuzaliwa upya, si nitakuwa nimeandika ukafiri kwa mkono wangu?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah, mwanangu.

Kwanza, usimwone babu yako mtu wa zamani aliyepitwa na wakati. Ana wakubwa nyuma yake. Ibnu Salah, katika maimamu wa madhehebu yetu ya Kishafi, aliyefariki mwaka 643 Hijria, yaani 1245, alitoa fatwa ya kuharamisha falsafa, na mantiki, yaani elimu ya kupanga hoja, akaitia humo humo. Imam Nawawi naye anahesabiwa upande huo. Na hiyo hadithi ya Umar imo katika Musnad ya Imam Ahmad. Sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, imezungumzwa, lakini maana yake haipuuzwi. Umar alikuja na zile kurasa amependezwa nazo, Qur'ani ingali yashuka, na Mtume akamwambia kuwa lau Musa angekuwa hai asingekuwa na njia ila kumfuata yeye. Lililokemewa ni kutafuta uongofu kwingine hali uongofu uko mlangoni. Kwani Mtume huyo huyo alimwamuru sahaba wake Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, na Zayd asema haukupita nusu mwezi ila alikuwa ameyajua.

Wanaosoma mantiki katika vyuo vyetu huhifadhi beti za Akhdari, mwanachuoni wa Algeria wa karne ya 16. Amezitaja kauli tatu: Ibnu Salah na Nawawi wameharamisha, wengine wamesema yapasa isomwe, na kauli mashuhuri iliyo sahihi ni kuwa yafaa kwa mwenye akili timamu aliyezoeana na Sunna na Kitabu. Yeye alikuwa akisema juu ya mantiki, lakini kipimo hicho hicho ndicho ninachokipima somo lako. Kwa hiyo siwezi kukujibu "halali" au "haramu" nikanyamaza. Lazima nikuulize: unakwenda na nini mkononi?

Imam Ghazali, ambaye aliisoma falsafa peke yake kwa muda usiotimia miaka miwili, katika nafasi alizozipata baina ya kusomesha na kuandika, ana mifano miwili ninayoipenda. Mshika nyoka hodari hamshiki nyoka mbele ya mwanawe mdogo, maana mtoto ataiga. Na mbadilisha fedha aliye stadi hana khofu ya kutia mkono katika mfuko wa mtu wa sarafu bandia. Atatoa nzuri na kuacha mbovu. Babu yako anakuona mtoto wa mshika nyoka. Wewe unajiona mbadilisha fedha. Huenda kila mmoja wenu ana nusu ya haki, na hiyo nusu nyingine ndiyo kazi yako ya miezi hii kabla hujafunga sanduku.

Sasa nikwambie kwa nini mimi, pamoja na yote hayo, nauona moyo wangu umeelekea kukuruhusu.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapa hapa kwetu. Bandarini alikuta majahazi ya watu wa Bara Hindi. Wareno wakawaonyesha picha ya Bibi Maryamu, wale watu wakaisujudia. Walipopishana nao wakawasikia wakipaza sauti kama wanaotaja jina la Kristo. Basi wakaandika katika kumbukumbu zao kuwa wamekutana na Wakristo. Na katika maandishi hayo hayo wameandika kuwa watu hao walisema hawali nyama ya ng'ombe! Wanahistoria leo wanaona walikuwa Wahindu, na pengine jina lililotajwa lilikuwa la Krishna, mmoja wa miungu yao. Watu wamevuka bahari kuu mbili, wameonana uso kwa macho, na kila mmoja amemuona mwenzake kwa sura aliyokuja nayo kichwani.

Usiwacheke Wareno. Sisi tumeishi na Wagiriama tangu babu wa babu zetu, tunaoana, tunazikana. Muulize mtu wa barazani kigango ni nini, atakwambia ni sanamu wanayoiabudu. Kigango ni nguzo ya ukumbusho anayosimamishiwa marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi wa Kigiriama, na habari yake ni habari ya koma, roho za waliotangulia. Mimi kama Muislamu sikubaliani na hilo pia. Lakini kutokubaliana na jambo ni kitu kimoja, na kumsingizia mtu asilolisema ni kitu kingine, na hili la pili lina hisabu mbele ya Mwenyezi Mungu. Amesema katika Suratul Maida aya ya 8 kuwa kuwachukia watu kusitupeleke kuacha uadilifu. Wengi hudhani uadilifu huo ni wa mizani ya dukani na wa mahakama ya kadhi. Na kunakili imani ya mtu je?

Mwanachuoni wa Kiislamu Abu Rayhani al-Biruni aliliona hili karibu miaka elfu iliyopita. Alijifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akakaa na wanazuoni wa Kihindu, na kitabu chake juu ya Bara Hindi, alichokimaliza kama mwaka 1030, akakifungua kwa kusema si kitabu cha mabishano: atayaweka maneno ya Wahindu kama walivyoyasema wenyewe. Hakuwa Mhindu kwa kufanya hivyo.

Hapo umeshapata jibu la mtihani. Mafakihi wana neno: anayenakili ukafiri si kafiri. Qur'ani yenyewe imenakili kauli ya Firauni "mimi ndiye mola wenu mkuu", na tunaisoma katika Sala. Andika "Wakristo wanaamini kuwa…", "katika mafundisho ya Ubudha…", kisha ueleze kwa ukamilifu, hata Mkristo akisoma karatasi yako aseme naam, hivyo ndivyo tunavyosema. Ukiulizwa rai yako, toa hoja. Usitukane, aya ya 108 ya Suratul An'am imetukataza kuwatukana wanaoabudiwa na wengine, na hayo ni kwa watu wa masanamu, sembuse watu wa Kitabu.

Wakiwapeleka kutembelea hekalu au kanisa, hukumu ya Kishafi ni kuwa huingii bila idhini ya wenyewe, na palipo na masanamu wanazuoni wamekaza zaidi. Nenda kama mwanafunzi, kaa kwa adabu, usishiriki ibada.

Shaka zitakuja, sikufichi. Kuna kijana wetu mmoja aliyerudi kutoka masomoni hasali, na kila mtu barazani akasema falsafa imemla. Nilipokaa naye nikagundua kuwa hakuwa akisali hata kabla ya kuondoka. Alikuwa akisimama safu ya nyuma kwa kumwogopa baba yake tu. Na hilo si la leo. Francis Xavier, kasisi aliyepita Malindi mwaka 1542 akienda Goa, ameandika kuwa Muislamu mmoja mkubwa wa mji alimlalamikia kuwa misikiti hapa ni 17 na inayoendewa ni mitatu tu, tena na watu wachache. Malindi haikuwa na chuo kikuu wakati huo.

Ikikujia shaka usiizike na usiitangaze. Masahaba walimwambia Mtume kuwa wanakuta nafsini mwao mambo wanayoona makubwa mno kuyatamka, naye akawajibu kuwa huko ndiko imani iliyo wazi. Hadithi imo katika Sahih Muslim. Iandike shaka yako kwenye karatasi, umpelekee mtu anayejua. Pengine ni swali alilokwisha kulijibu Ghazali, au mwanafalsafa Ibnu Rushd alipoandika kumpinga Ghazali. Na hao wawili wasome wote wawili, usisome mmoja.

Yangu kwako ni haya. Kabla ya kwenda, maliza kitabu kimoja cha tawhidi kwa mwalimu, si kwa simu. Babu anatosha, na ukimwomba akusomeshe yeye nadhani nusu ya hasira itashuka. Huko Nairobi tafuta darsa moja la wiki usilolikosa. Ukiona Sala zinakuponyoka, punguza masomo ya falsafa muhula huo kabla hujapunguza Sala. Hayo nisipoyaona kwako, basi fatwa yangu ni ya babu.

Kwa babu nitakwenda mwenyewe baada ya Isha, siku utakayoniambia. Kahawa iwe chungu.

Na ukifika kwenye mlango wa Ubudha, niandikie. Nimesoma kuwa wanakanusha nafsi yenye kudumu, na papo hapo wanasema matendo humfuata mtu katika maisha mengine. Anayefuatwa ni nani basi? Sikupata kumuuliza Mbudha, na sipendi kumjibia.