Hujafika mita 1.90? Ribaundi bado ni zako

Kijana wa Tandika ameniandikia akiuliza kama aache kucheza kikapu chini ya goli, kwa vile hajafika hata mita 1.90. Usiache, mdogo wangu. Dennis Rodman alikuwa na mita 2.01, kimo kidogo kwa wanaogombea mipira ya ndani NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, lakini aliongoza ligi ile kwa ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya shuti kukosa, misimu 7 mfululizo, kuanzia 1991-92, alipodaka wastani wa 18.7 kwa mechi. Mazoezini alikuwa akiwatazama wenzake wakishuti ili ajue mpira wa kila mmoja unavyozunguka na unakoangukia.

Anzia hapo. Ukiwa uwanja wa Don Bosco Upanga au wa Kidongo Chekundu, mwombe mwenzako ashuti mara 50: 10 kila kona, 10 kila ubavu, 10 katikati. Wewe usidake. Taja kwa sauti utakapoangukia mpira kabla haujagusa ringi. Ukishutiwa kutoka kona, mara nyingi huvuka upande wa pili. Wa pointi 3 hurudi mbali, kwa hiyo usijibanze chini ya ringi, maana utaishia kuutazama ukikupita juu. Ringi za viwanja vya nje nyingi ni ngumu, nyingine zimepinda. Zijaribu zote mbili kabla ya mechi.

Kumziba mpinzani asiufikie mpira ndiko kunakowashinda wengi. Mpira ukitoka mkononi mwa mshutaji, mtafute kwanza mtu wako. Mguse kwa mkono ulioukunja, geuka, mwekee mgongo, kunja magoti, tanua miguu kupita mabega. Ukisimama wima, atakusogeza kwa nyonga tu. Ukimsukuma kwa makalio, refa atapiga filimbi. Shika nafasi yako, basi.

Usipoweza kuudaka, ugonge juu kwa ncha za vidole, tua, ruka tena upesi. Rodman alikuwa hodari sana kwa hilo. Ukiupata, uweke kidevuni, viwiko nje bila kuvizungusha. Ukiushusha kiunoni, mchezaji mfupi ataupokonya.

Kinachoniuma ni kwamba kwetu husifiwa mfungaji peke yake. Fainali za NBA za 1996 dhidi ya Seattle, Rodman alidaka ribaundi 11 za kushambulia, yaani za mashuti ya timu yake mwenyewe, mechi ya pili, na 11 nyingine mechi ya sita iliyowapa Chicago ubingwa. Kila moja ni nafasi mpya ya kufunga! Basi mwombe mtu wa benchi aandike zako kila mechi, za kushambulia mbali na za kuzuia, umpelekee kocha karatasi hiyo kabla hajapanga kikosi kinachofuata.