Mchukue samaki angali hai

Juzi msomaji wa Sengerema ameniandikia: "Dada, sato wangu kwenye kizimba wanaogelea wakizunguka, macho yamewatoka. Niwape dawa gani?"

Mdogo wangu, hakuna dawa kabla ya kumjua bakteria. Nilipokuwa mgeni maabara, mfugaji alituletea ndoo ya sato walioanza kuoza. Mkubwa wangu akaotesha sampuli za ngozi, akaota bakteria aitwaye Aeromonas, akaandika ripoti. Mfugaji akanunua dawa, samaki wakazidi kufa. Aeromonas wanaishi humo humo majini, na samaki akifa wanamvamia upesi. Niliposema tutafute samaki mahututi, niliambiwa binti asifundishe wakubwa kazi.

Nilikwenda ziwani mwenyewe. Nilimpata mmoja anayezunguka, bado anapumua. Maabara nilimlaza kwa mafuta ya karafuu, nikafungua fuvu kwa vifaa safi, nikachukua ubongo na figo ya mbele, nikaotesha kwenye agari ya damu (chakula kigumu cha kuoteshea bakteria) kwa nyuzi 28. Ikaota aina moja tu, vikoloni vidogo vidogo. Kwa rangi ya Gram, inayotenganisha makundi ya bakteria, vikatokea zambarau, viduara vimepangana kama shanga. Nikadondosha haidrojeni peroksaidi: hakuna povu. Streptococcus! Ripoti ya pili ilipotoka, jina langu halikuwemo. Bado inaniuma.

Kwa hiyo nasisitiza: samaki awe hai, na ubongo usiachwe. Macho kutoka na kuzunguka kunatia shaka ya Streptococcus, lakini si ushahidi. Matamvua yenye mabaka meupe yanayooza yanaweza kuwa Flavobacterium columnare, anayetaka agari yenye virutubisho vichache. Huota manjano, kingo zikitawanyika mithili ya mizizi. Ukimtafuta kwenye agari ya kawaida utasema hayupo, kumbe yupo.

Na vaeni glavu, tafadhali. Streptococcus iniae, aliyetambuliwa mara ya kwanza mwaka 1976 kwa pomboo wa Amazon, aliwaambukiza watu nchini Kanada katikati ya miaka ya 1990. Wengi walikuwa wamejijeruhi mikono wakiandaa samaki wabichi.

Wewe wa Sengerema, chagua watatu au wanne wanaozunguka sasa hivi, uwasafirishe kwenye mfuko wa maji ya ziwa wenye oksijeni. Akifia njiani, mweke kwenye barafu, usimgandishe kwenye friza. Ukifika maabara, omba pia kipimo cha kujua ni antibiotiki ipi inamuua huyo bakteria wako.