Maswali na Majibu: Twiga ameingiaje Liwale?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Nachingwea. Tunataka kuchora ramani ya picha ya wanyama na mimea ya Lindi na Mtwara kwenye ukuta wa maktaba yetu. Mipaka ya wilaya tumeshaichora, rangi tunazo, na nimepakua picha nyingi mtandaoni: simba, twiga, nyumbu, mbega, komba, tembo, mbuyu, mikoko, mkorosho na kadhalika. Naomba unishauri niwapangeje ili ukuta ujae vizuri bila picha kubanana, na kila picha iwe na ukubwa gani?

JIBU: Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo. Kabla hatujafika kwenye mpangilio, mtoe twiga.

Twiga hawapatikani kusini mwa mto Rufiji. Katika eneo lote la Selous ya zamani, pori la akiba ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, twiga wako ng'ambo ya kaskazini ya mto. Ukivuka kuja upande wa Liwale humkuti. Hata hivyo karibu kila ramani ya picha ya Kusini ninayoletewa niikague ina twiga, na mara nyingi kasimamishwa hapo hapo Liwale. Nikiuliza sababu, jibu ni moja: palikuwa na nafasi, na picha yake ilipendeza. Wengine huongeza kwamba ni mnyama wa taifa. Ni kweli, lakini hilo halimpi makazi Liwale.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote katika kazi hii. Watu wameaminishwa kwamba ramani ya kweli ni ile ya wapima ardhi, yenye gridi na namba, na kwamba hii ya picha ni pambo la kufurahisha watoto, basi chochote chenye miguu minne kinafaa. Mtoto wa darasa la nne hasomi gridi. Anasoma picha, na picha inamwambia: huyu anaishi hapa. Akiambiwa uongo na ukuta wa shule, ataubeba hadi utu uzima, na siku atakapokuwa diwani au mwongoza watalii ataurudia.

Na kosa halimhusu twiga peke yake. Nyumbu uliyempakua, nina hakika karibu kamili, ni wa Serengeti, mwenye ndevu nyeupe. Wa kwetu ni nyumbu wa Nyasa, na wengi wao wana mstari mweupe unaokatisha pua chini ya macho. Mbega vilevile: yule mwenye joho refu jeupe mgongoni na mkia wenye kishungi kikubwa ni wa Kilimanjaro na Meru. Mbega wa misitu yetu ya Rondo na Litipo ana nywele ndefu nyeupe mabegani, na mkia wake ni mwembamba, weupe ukiwa mwishoni tu. Ukichora wa Meru ukamweka Rondo, umekosea mnyama na umekosea msitu.

Komba ndiye mgumu zaidi, na ndiye anayenigusa zaidi. Tunaye komba wa Rondo, ambaye wanasayansi walimtambua kuwa spishi ya peke yake katika miaka ya 1990. Ana uzito wa gramu 60 hivi, ni miongoni mwa komba wadogo kuliko wote, na mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa. Anapatikana Tanzania tu, katika vipande vichache vya misitu ya pwani. Komba wadogo wanafanana mno kwa sura. Wataalamu huwatofautisha usiku kwa milio yao. Sasa wewe unapakua picha ya komba wa Afrika Kusini mwenye macho makubwa, unaandika chini yake "Rondo", na mtoto anayeishi karibu kabisa na msitu ule anakua bila kumjua jirani yake.

Kwa hiyo weka picha zote kabatini kwanza. Anza na ardhi. Paka bahari na ukanda wa mikoko, kisha misitu ya pwani na nyanda za juu za Rondo na Makonde, kisha misitu ya miombo inayotanda kwenda Liwale, Nachingwea, Masasi na Nanyumbu. Chora mito: Matandu, Mbwemkuru, Lukuledi, Ruvuma. Hapo ndipo utaona kwamba mimea siyo kijazio cha nafasi zilizobaki. Mpingo, mninga na mkongo ndiyo nchi yenyewe. Palahala na tembo wanafuata. Mikoko nayo ina mpangilio wake: mlilana mbele ukiikabili bahari, nyuma yake mkoko wenye mizizi iliyopinda juu ya tope, halafu mkandaa, na mchu huonekana hata kule nyuma kabisa karibu na nchi kavu. Mchoree mtoto mpangilio huo pembeni, kama ardhi iliyokatwa kutoka baharini hadi nchi kavu, na atauona mwenyewe akifika Ghuba ya Mnazi. Mkorosho mpe fremu ya mazao, maana asili yake ni Brazili na Wareno ndio waliouleta.

Ukubwa sasa. Ikiwa ukuta una upana wa mita 2, sentimita moja itakuwa karibu kilomita 2. Tembo wa sentimita 10 atafunika kilomita 20 za nchi. Kwa hiyo weka kanuni moja na uiandike kwenye ufunguo: mahali halisi ni pale unyayo unapokanyaga au shina linapoingia ardhini. Mwenye eneo dogo, kama komba wa Rondo, mchore nje ya mpaka na umvutie mstari. Tembo usimfungie ndani ya hifadhi. Anapita mashambani na kuvuka Ruvuma kwenda Msumbiji na kurudi, na wazazi wa wanafunzi wako wanalijua hilo kuliko mimi. Mchoree ukanda mpana wenye rangi hafifu. Nyangumi wa Msimbati, kwenye pwani ya Mtwara, ni wa msimu, kwa hiyo andika miezi.

Ukimaliza mchoro wa penseli, mwite afisa wanyamapori wa wilaya na mtu wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) wautazame kabla hujafungua kopo la rangi.

Nakuomba pia usikubali njia ya mkato. Kuna watu wanaopita mashuleni na kwenye nyumba za wageni wakiuza ramani za wanyama zilizokwisha kuchapwa: picha zile zile, mkoa umebadilishwa jina tu. Siku hizi wameongeza picha za akili mnemba. Ukiiomba nyumbu itakupa wa Serengeti, kwa sababu ndiye aliyepigwa picha zaidi duniani, na itakupa kwa urembo utakaokufanya uamini. Kulipia vitu hivyo ni kulipia makosa yaliyopambwa.

Tena wapo wanaokosea upande wa pili, na hao wananitia hofu kuliko wenye twiga. Wakisikia neno usahihi, wanaweka nukta pale pale alipoonekana kakakuona, kasa anapotaga Msimbati, mpingo mnene ulipobaki. Ramani ya ukutani inapigwa picha kwa simu, na kesho iko mikononi mwa yeyote. Tembo wa Selous walizidi 100,000 katika miaka ya 1970. Hesabu ya 2013 ilikuta takriban 13,000. Majangili hawahitaji msaada wetu. Hata iNaturalist, ambako watu huweka kumbukumbu za viumbe wanavyoviona, huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini. Nawe fanya hivyo: kakakuona mchore kwenye fremu ya pembeni, bila mstari na bila jina la kijiji. Picha za simu mlizopiga porini nazo huwa zinabeba ndani yake mahali zilipopigwa. Futa taarifa hiyo kabla hujazituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.