Barua kwa mwanangu: umeuliza mshahara, nakujibu boti

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma mara tatu, mara ya kwanza bila miwani nikadhani umefukuzwa kazi. Kumbe unauliza hivi: hilo shirika linakutaka uwe mratibu wa mafunzo ya walimu, nafasi ya Dar wanatoa milioni moja na laki sita, ya Kibondo milioni moja na laki tatu, kazi ni ileile, halafu miaka yako saba ya kufundisha wamekuhesabia mitatu tu kwa sababu minne ya mwanzo ulikuwa na diploma. Unataka nikwambie kama ni haki, na uchukue ipi.

Ile karatasi ya Marekani uliyonirushia nayo nimeiona. Kwamba huko mratibu wa ufundishaji aliye katikati ya mstari, nusu wako juu yake na nusu chini yake, mwaka 2023 alikuwa anapata dola 74,620 kwa mwaka, ila jimbo na jimbo hawalingani na mwenye shahada ya uzamili na miaka mingi darasani anapanda. Nikapiga hesabu kwa shilingi 2,500, ikaja milioni 186 na ushee, nikamuita mdogo wako aje aone, akasema mama hiyo ni kabla ya kodi ya nyumba ya huko. Katoto haka kamenielewa kuliko wewe uliyesoma. Nimewaambia tangu mko wadogo, usiulize wanalipa ngapi, uliza inabaki ngapi.

Sisi serikalini suala la mahali halikuwepo, na mimi hilo nilikuwa najivunia kweli. Mwalimu wa shahada anayeanza akiwa Ilala au akiwa Kakonko ni ngazi ileile ya mshahara, TGTS D moja, ilikuwa laki saba na kumi na sita elfu miaka ile, huwezi kusema wa Dar anapendelewa. Kinachokupandisha ni miaka na daraja. Hata hiyo miaka usidhani ni ngazi ya zege, mimi nimemaliza Chuo Huria 2013 nikabadilishiwa muundo wa utumishi, nikajikuta nimekaa mstari mmoja na vijana ambao nilikuwa naenda kuwakagua mimi mwenyewe, halafu 2016 madaraja yakasimama nchi nzima. Kwa hiyo hilo la kuhesabiwa mitatu badala ya saba lisikutoe machozi, ni ugonjwa wa ukoo.

Ila linaniuma. Miaka minne ya diploma siyo miaka? Mtu aliyekaa darasani akisimama nje ya dirisha anajua kabla hajaingia. Darasa ambalo unasikia chaki tu inakwaruza ubaoni na watoto kimya, mwalimu hakuandaa somo, ananakili kitabu. Darasa lenye kelele ya watoto wanabishana jibu, hapo ingia taratibu ukae nyuma usiharibu. Hiyo sikuipata Chuo Huria, niliipata nikiwa na cheti cha ualimu cha daraja la IIIA na viatu viwili. Waambie hivyo. Au usiwaambie, watu wa ajira hawapendi hadithi.

Nirudi kwenye mahali. Mwaka 2016 serikali ilipoanza kutulipa posho ya madaraka, sisi waratibu elimu kata tulipata laki mbili na nusu kwa mwezi, wote sawa, na ile ya kwanza unakumbuka nilivyoitumia, migebuka mikubwa minne na dumu la mawese na tukala mpaka baba yenu akasema Kigoma yote imesikia. Mratibu wa kata ya mjini, pale Mwanga au Gungu, laki mbili na nusu. Mimi wa ziwani kule kaskazini kupita Gombe, laki mbili na nusu. Yeye shule zake anazimaliza kwa miguu chai yake haijapoa. Mimi shule ni boti au kupanda vilima ambavyo nyani wenyewe wanapumzika katikati. Hata pikipiki za 2018, tulipogawiwa waratibu, yangu niliisafirisha kwa boti kama mbuzi wa mahari, ikafika, ikakosa njia. Mkawa mnaanikia dagaa juu yake.

Sasa usiniambie kwamba sawa ni sawa. Haikuwa sawa.

Lakini hata hiyo siyo iliyonikaa. Iliyonikaa ni ya 2011, kabla ya posho yoyote, na sehemu yake unaijua ila nyingine hujawahi kuisikia.

Ule mwaka tuliitwa semina mjini mara tatu. Kutoka kijijini boti inaondoka alfajiri, unavuka maji ya mapaja na kitenge umekishika juu, kichwani begi la mafaili limefungwa nailoni, unakaa juu ya magunia ya dagaa mpaka Kibirizi, zinakofikia boti mjini. Ukishuka unanuka. Nilikuwa nabeba blauzi ya pili, nabadilisha nyuma ya kibanda cha mama muuza chapati, naingia ukumbini kama mtu. Kwenda na kurudi elfu kumi na mbili, mara tatu thelathini na sita elfu. Wakasema nauli zitarudishwa, leteni risiti. Boti gani ina risiti? Nikamwomba nahodha, mzee wa watu kusoma kwenyewe kwa tabu, akachana ukurasa wa daftari la mwanawe akaandika kwa kalamu ya risasi "Mama mratibu kalipa 12,000 kwenda na kurudi", akaweka sahihi ndefu kama nyoka. Zote tatu alizifanya hivyo. Nikazikunja ndogondogo nikazifunga kwenye pindo la kitenge zisilowe.

Nikafika kwa yule mhasibu. Jina silitaji na ofisi siitaji, alishastaafu. Foleni ndefu nyuma yangu. Nikafungua pindo nikatoa. Akaishika moja kwa vidole viwili, akainusa, akauliza kwa sauti, "Mama, hii ni risiti au ni hirizi?"

Watu walicheka mwanangu. Na mimi nilicheka, hiyo ndiyo inaniuma, nilicheka nao. Mbele yangu alikuwa dada mmoja wa kata ya mjini, miaka mitatu kazini, mimi nina zaidi ya ishirini, kalipwa nauli ya teksi kwa risiti yenye mhuri, na kwao siyo mbali hata ungemrushia jiwe angelidaka. Nikaondoka bila hata mia.

Muhula ule ada yako ya bweni ilikuwa elfu thelathini na tano. Ile wiki mbili uliyokaa kwa shangazi yako Mwanga na mimi nikakwambia subiri kwanza tumbo lipone, hapakuwa na tumbo. Nafikiri ulijua. Hela ilikuwa kwenye zile karatasi tatu.

Nimefikiria sana kuhusu yule mhasibu, tena kuliko anavyostahili. Wakaguzi wa hesabu wangekuja, wangekuta karatasi ya daftari inanuka dagaa, nani angekatwa mshahara? Yeye. Na mimi mwenyewe nikiwa mratibu niliwahi kumkatalia mwalimu ruhusa ya siku mbili kwa sababu barua yake haikupitia kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alikuwa amelazwa hospitali ya Maweni, sasa angepitishaje? Utaratibu ukikaa upande wako hauonekani. Kwa hiyo simlaumu. Namlaumu. Angeweza kunikatalia bila ile hirizi.

Na unaposema mahali pagumu palipwe zaidi, mimi nakubali halafu sikubali. Nani atapima ugumu? Tungeulizwa sisi waratibu kila mtu angesema kwake ndiko kugumu, wa Kasulu angesema vumbi, wa Kakonko angesema umbali, yule dada wa mjini angesema foleni. Afadhali wote sawa, angalau hakuna wa kumbembeleza. Halafu nakumbuka maji ya mapaja saa kumi na moja alfajiri, nasema hapana, mtu alipwe boti yake.

Huko kwenu naona wamefanya kinyume kabisa, wamempa zaidi aliyeko mjini kwa sababu maisha ya mjini ni ghali. Haya, ni kweli, Dar mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi na daladala mbili kwenda mbili kurudi kila siku ya Mungu. Toa kodi, toa nauli, toa vocha, toa wale ndugu zetu wanaofikia kwako kila wakija Muhimbili maana wewe ndiye hoteli ya ukoo, hiyo laki tatu ya ziada unaiona? Kibondo chumba na sebule ni bei ya kucheka, maharage na muhogo viko mlangoni, lami imefika. Lakini mratibu wa Kibondo halali Kibondo, analala kwenye shule. Ukijaza mafuta mwenyewe ile milioni na laki tatu inageuka laki tisa kabla hujala. Usiulize wanalipa ngapi.

Kwa hiyo sikwambii chukua ipi. Baba yako angekwambia, alikuwa mwepesi wa kuamua mambo ya watu. Mimi nimejiapiza sitowaamulia watoto kazi tangu nilipomlazimisha kaka yako uuguzi tukaona matokeo. Sisemi Kibondo. Ingawa ukiwa Kibondo ni basi moja tu mpaka hapa na ningekuwa nakuona hata mwisho wa mwezi, lakini hilo siyo la mshahara, lifute.

La miaka nalo wabane kidogo. Wakikataa saba waombe mitano, wakatie katikati. Peleka barua ya mwalimu mkuu wako wa zamani yenye mhuri, mhuri mwanangu, siyo sahihi tu.

Na kabla hujasaini uliza kitu kimoja kwa maandishi: mtu akienda shule ambayo bodaboda haina risiti, wanamlipa kwa karatasi gani? Wakikujibu nipigie jioni, mchana mtandao huku unakatakata. Mawese nimempa kondakta dumu la lita tano, liko ndani ya kiroba cheusi, kalipokee stendi kesho kutwa kabla hawajaliuza.

Mama yako
Kigoma

Zile karatasi tatu ninazo bado, ziko kwenye sanduku la vyeti. Ukija Desemba nitakuonyesha, moja mpaka leo inanuka.