Kabla ya darubini, tafuta mbao mbili na bawaba

Ukiwa na bajeti ndogo na hamu ya kupiga picha za nyota, usinunue darubini kwanza. Zile za bei nafuu zinazotangazwa kuwa zinakuza "mara 525" husimama kwa miguu myembamba inayotikiswa hata ukigusa skrubu. Darubini ya kioo cha milimita 76 haifai kusukumwa zaidi ya mara 150 hivi, na nyingi za aina hiyo haziruhusu kamera kufikia fokasi: picha hujitengeneza ndani ya bomba, sensa ikabaki nje.

Tatizo lako la kwanza si ukuzaji, ni dunia kuzunguka. Chukua kamera ya mitumba inayobadilishwa lenzi, yenye sensa ndogo ya kawaida, na lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni pana). Kwa kanuni ya wapiga picha, gawanya 500 kwa urefu wa lenzi, ambao kwa sensa hiyo ndogo huhesabiwa kuwa 75 (50 mara 1.5), unapata sekunde 6 hivi kabla nyota hazijawa michirizi. Nebula ya Orion, wingu la gesi linalong'aa katika kundi la nyota la Orion, hupita karibu kabisa na utosi wa Nairobi, na huko ndiko nyota zinakokimbia kuliko kwingine angani, kwa hiyo hesabu sekunde 4. Mwanga wa sekunde 4 ni mchache mno. Pesa ziende kwenye kifaa cha kuzifuata nyota.

Kifaa hicho fundi wa mbao wa soko la Gikomba, Nairobi, anaweza kukitengeneza kwa siku moja. Mbao mbili ngumu zinaunganishwa kwa bawaba ndefu isiyolegea. Fimbo ya M6 (nene milimita 6) yenye hesi, ambayo kwa kawaida husogea milimita 1 kwa mzunguko, inapita kwenye nati iliyofungwa imara kwenye ubao wa chini na kuusukuma ule wa juu, unaobeba kamera. Kutoka katikati ya pini ya bawaba hadi katikati ya fimbo pawe milimita 229. Pima mara mbili kabla ya kutoboa, maana kosa la milimita 5 hapa linabadilisha mwendo kwa asilimia 2. Kwa umbali huo, mzunguko mmoja wa fimbo kwa dakika unalingana na mwendo wa nyota. Weka gurudumu lenye alama 12 kama uso wa saa, usogeze alama moja kila sekunde 5, taratibu, bila kuruka.

Nairobi ina upendeleo wake na ugumu wake. Nyota ya Kaskazini haionekani, na ncha ya kusini ya anga, mahali ambapo nyota huonekana kupazunguka na ambako bawaba inapaswa kuelekea, iko nyuzi 1.3 tu juu ya upeo, kwa hiyo maelekezo ya Ulaya ya kulenga ncha hayatufai. Lakini bawaba yetu inalala karibu tambarare! Iwe ya sentimita 20, ilaze kaskazini-kusini, kisha inua mwisho wake wa kusini kwa milimita 4 au 5. Bawaba ikae magharibi, fimbo mashariki. Ukigeuza, michirizi inakuwa mara mbili. Dira ya simu itumie mbali na gari. Usiumizwe kichwa na kosa la nyuzi moja: kwa lenzi ya 50 na dakika moja, nyota husogea chini ya pikseli moja. Kwa lenzi ya 200 kosa hilohilo litaonekana, ndiyo maana hatuanzi nayo.

Piga RAW (faili ghafi la kamera), ISO 1600 (wepesi wa sensa kuhisi mwanga), f/2.8, sekunde 60. Fokasi ifanye kwa nyota angavu ya Sirius ukiwa umekuza skrini mara 10, kisha funga pete ya lenzi kwa utepe. Picha 60 ni saa nzima ya mwanga. Ongeza 20 za muda uleule lenzi ikiwa imefunikwa, kwa ajili ya kuondoa kelele za sensa, uziunganishe kwa programu ya Siril, ambayo ni bure. Rudisha fimbo mwanzo kila dakika 10, kwa sababu fimbo iliyonyooka huanza kwenda kombo na nyota jinsi mbao zinavyofunguka.

Mwishoni mwa Januari Orion hufika utosini saa tatu na nusu usiku, mvua zikiwa mbali. Kilimia hubaki upande wa kaskazini, lengo zuri la pili. Shuka barabara ya Magadi ukapite Kiserian hadi upande wa Olorgesailie, ambako mwanga wa jiji unabaki nyuma ya vilima vya Ngong. Beba betri ya pili, na kitambaa kikavu cha kufuta umande kwenye lenzi.