Maswali ya Wasomaji: Hamsta Anachagua, Wewe Unadhani Amekula

SWALI: Habari za kazi. Nina hamsta (yule mnyama mdogo wa jamii ya panya anayefugwa nyumbani) dume wa Siria, ana mwaka mmoja. Namnunulia mchanganyiko wa mbegu. Kila jioni najaza kibakuli, asubuhi nakuta vimebaki vile vipande vya kahawia peke yake, basi naongeza. Amenenepa mpaka gurudumu limemshinda, lakini manyoya ya mgongoni yanapungua. Mnene anakosaje lishe?

JIBU: Anaikosa kwa sababu ameiacha kwenye kibakuli. Vile vya kahawia ndiyo peleti, yaani chakula kilichosagwa na kushindiliwa kuwa vipande, na protini, vitamini na madini yamo humo. Hamsta akiwekewa mchanganyiko huanza na alizeti na karanga, kwa kuwa zina mafuta. Karibu nusu ya uzito wa kiini cha alizeti ni mafuta matupu, ilhali chakula chake chote kwa jumla kinatosha kuwa na mafuta asilimia 4 hadi 7 na protini asilimia 16 hadi 20. Tena alizeti ina kalsiamu kidogo mno ikilinganishwa na fosforasi, kwa hiyo mwili unaongezeka huku mifupa ikidhoofika.

Mchanganyiko wenyewe una lawama kidogo; kosa kubwa ni huko kuongeza. Hamsta wa Siria aliyekomaa anatosheka na gramu 10 hadi 12 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chakula. Mpe jioni anapoamka, mara moja, basi. Badilisha taratibu kwa muda wa siku 10: anza na robo peleti na robo tatu mchanganyiko, baada ya siku 3 nusu kwa nusu, kisha robo tatu peleti, mwisho peleti tupu. Alizeti isipotee kabisa. Mpe mbegu 2 au 3 mara mbili kwa wiki, kwa mkono wako. Atakuzoea haraka kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Kibakuli kitupu kisikudanganye pia. Hamsta hubeba chakula mashavuni na kukizika. Fukua kidogo kona ya kiota chake: ukikuta peleti zimepangwa kavu, hazijaguswa, na pembeni kuna maganda matupu ya alizeti, jibu unalo. Usiifagie akiba yote, maana atahangaika na kuanza kukusanya upya kwa pupa. Toa vilivyo vibichi au vyenye ukungu, vikavu mwachie sehemu.

Mpime kila wiki, siku ileile, akiwa ndani ya bakuli juu ya mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Apungue polepole. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake ndani ya wiki moja, hapo lishe haihusiki tena, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Na manyoya yasipoanza kuota baada ya wiki 6 za chakula kizuri, daktari akwangue ngozi atafute utitiri.

SWALI: Hamsta wangu ni kibete, gramu 40. Siku hizi anamaliza maji haraka na kona moja ya tundu imelowa mkojo muda wote. Watoto humpa zabibu moja kila siku. Kuna uhusiano?

JIBU: Upo uwezekano mkubwa. Zabibu moja ya gramu 5 ni sehemu ya nane ya uzito wake. Ni kama mtu wa kilo 60 ale kilo 7 na nusu za zabibu, kila siku. Hamsta vibete wa Campbell na machotara wao, pamoja na hamsta wa Kichina, hupata kisukari kwa urahisi, na matunda huwasukuma huko.

Pima kabla ya kuhukumu. Kawaida hamsta hunywa kama mililita 10 kwa kila gramu 100 za mwili, kwa hiyo wako anywe mililita 4 au 5. Weka alama ya kalamu kwenye chupa, usome baada ya saa 24. Hakikisha kwanza ile gololi ya kwenye ncha haivuji, maana chupa inayovuja imewapa hamsta wengi ugonjwa wasiokuwa nao. Akinywa maradufu, mweke kwenye chombo cha plastiki kisafi na kikavu mpaka akojoe, kisha chovya karatasi ya kupimia sukari kwenye mkojo. Rangi ikionyesha sukari, nenda nayo kwa daktari.

Kuanzia leo ondoa matunda yote, karoti, mahindi na vijiti vyenye asali. Brokoli au tango, kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole kidogo, kinamtosha. Maji usimpunguzie hata kidogo, hata kama kona inanuka.

SWALI: Tumemleta nyumbani hamsta wa wiki 5 siku tatu zilizopita. Tulimkaribisha kwa tango na saladi ya majani. Leo anaharisha, mkia umelowa na amejikunja tu. Tumpe nini?

JIBU: Mpelekeni kwa daktari leo hii, msingoje kesho. Ugonjwa wa mkia kulowa unaweza kumuua hamsta mchanga ndani ya saa 48. Bakteria anayeusababisha mara nyingi ni Lawsonia intracellularis. Kuhamishwa na kubadilishiwa chakula ghafla humfungulia mlango. Inawezekana pia ni tango tu limemharisha, lakini kwa macho hamwezi kutofautisha.

Njiani awe na joto, peleti alizozoea alikotoka, na maji. Mboga zote toeni. Msimpe antibiotiki iliyobaki kabatini: amoksisilini, ampisilini na klindamaisini huua bakteria wazuri wa tumbo la hamsta, na dawa yenyewe ikamaliza kazi. Akipona, kaeni wiki 2 bila mboga, kisha aina moja kwa mara moja, mkiangalia kinyesi siku 3 kabla ya kuongeza nyingine. Kitunguu, kitunguu saumu, chokoleti, machungwa, maharage mabichi na mbegu za tufaha visimfikie kamwe.

SWALI: Shavu la kushoto limevimba tangu jana asubuhi. Alipewa siagi ya karanga.

JIBU: Siagi ya karanga hunata kwenye mfuko wa shavu na haitoki. Mfuko wa kawaida humwagwa ndani ya saa chache; ukikaa siku nzima, hasa upande mmoja na ukiwa na harufu, chakula kimeoza humo. Usivute kwa kibano, mfuko wenyewe utageuka na kutokea mdomoni. Daktari atausafisha kwa maji.

SWALI: Nimemwona anainama na kula kinyesi chake. Nimzuie?

JIBU: Hapana. Anajirudishia vitamini za B na K zilizotengenezwa na bakteria wa utumbo wake.